Mzee anajiona ana miaka 54, kitambulisho kinasema 68: tupime vipi umri wa moyoni?

KaraniWaSensa_Jinja

Uzi huu ni wa VHT (wahudumu wa afya wa kijiji), wauguzi, makarani wa miradi na yeyote anayekaa na wazee akiwa na kalamu mkononi. Swali la "unajiona mtu wa miaka mingapi" limeingia kwenye dodoso nyingi, na majibu yake yanajazwa ovyo. Ni swali lenye uzito, kwa hiyo naomba tusaidiane lijazwe vizuri.

Tuanze na hesabu. Chukua umri anaojiona nao, toa umri wake halisi, gawa kwa umri halisi, zidisha kwa 100. Mzee wa miaka 68 anayejiona 54: 54 kutoa 68 ni −14, gawa kwa 68, unapata asilimia −20.6. Alama ya kutoa maana yake anajiona kijana kuliko miaka yake. Tunagawa kwa sababu miaka 10 kwa mtu wa 40 si sawa na miaka 10 kwa mtu wa 80.

David Rubin na Dorthe Berntsen walitumia hesabu ya namna hii kwa watu 1,470 wa Denmark, wakachapisha mwaka 2006. Waliovuka 40 walijiona vijana kwa kama asilimia 20, na kiwango hicho hakikupanda sana hata kwa wenye umri mkubwa zaidi. Walio chini ya 25 walikuwa kinyume: walijiona wakubwa kuliko walivyo.

Shida yetu Uganda iko kwenye ile namba unayogawia. Mdenmark ana tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa wiki aliyozaliwa. Kwetu, wazee wengi walikadiriwa umri mbele ya meza ya usajili. Yule wa 68 akiwa kweli ana 63, jibu linakuwa −14.3. Akiwa na 73, linakuwa −26. Mzee ni yuleyule na moyo wake ni uleule, ila wewe umepima kosa la karatasi.

Ndiyo maana kabla ya kuuliza umri wa moyoni, utafute kwanza umri halisi kwa kalenda ya matukio. Unahitaji matukio mawili, moja kabla ya kuzaliwa kwake na moja baada, uyasogeze mpaka yakaribiane. Haya yanakumbukwa sana:

- Kabaka Mutesa II, mfalme wa Buganda, kupelekwa uhamishoni, 30 Novemba 1953, na kurudi kwake 17 Oktoba 1955
- Malkia Elizabeth kufungua bwawa la Owen Falls, Aprili 1954 (huku Busoga hili ndilo la kwanza kuuliza)
- Mvua kubwa na mafuriko ya 1961, ziwa lilipopanda
- Uhuru, 9 Oktoba 1962
- Tetemeko la Toro, 20 Machi 1966
- Lubiri (ikulu ya Kabaka) kushambuliwa, 24 Mei 1966
- Papa Paulo VI kuja Uganda, mwisho wa Julai 1969
- Amin kuchukua serikali, 25 Januari 1971, na Wahindi kufukuzwa 1972

Usimwulize "ulikuwa na miaka mingapi wakati wa Uhuru?" Atakutajia namba ya kukuridhisha. Mwulize alikuwa anafanya nini. Kubebwa mgongoni ni chini ya miaka 3. Kuchunga mbuzi ni kama 6 hadi 9. Kuchunga ng'ombe mbali na nyumbani, kubeba mtungi mkubwa, kuanza hedhi au kuoa, kila kimoja kina umri wake. Kisha linganisha na ndugu zake: nani alimfuata kuzaliwa, nani alimtangulia. Kati ya mtoto na mtoto weka miaka 2 hadi 3, isipokuwa akikuambia kuna aliyefariki katikati.

Mtego mmoja: usihesabu darasa la kwanza kuwa miaka 6. Zamani wengi waliingia shule wakiwa na 8, 9, hata 10.

Nubi_wa_Bombo

Asante mkuu. Kwa wazee Waislamu kuna kifaa kingine ambacho makarani wengi hawakijui: Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka wa kawaida, na huchukua karibu miaka 33 kuzunguka mwaka mzima. Habuba (bibi) akisema mama yake alimzaa katika mfungo, na sikukuu ya Krismasi ikawakuta ndani ya mfungo huo, hiyo ni 1965, 1966 au 1967. Mzunguko uliotangulia ni 1933 hadi 1935. Huwezi kumkosea mtu kwa miaka 30 ukiwa umekaa naye ana kwa ana, kwa hiyo unabaki na miaka mitatu tu ya kuchagua.

Na mwangalie anayehesabu miaka kwa Muharram. Miaka 70 ya mwezi ni kama 68 ya kalenda ya ukutani. Kwa hesabu ya asilimia hiyo miaka miwili si kidogo.

KaraniWaSensa_Jinja

Hilo la Krismasi na mfungo nalichukua hivyohivyo.

Nyongeza kuhusu karatasi. Cheti cha ubatizo ni kizuri, lakini soma kama alibatizwa mtoto mchanga au mtu mzima aliyesoma mafundisho. Watu huchukua tarehe ya ubatizo wakaifanya ya kuzaliwa, mzee akapoteza miaka 15. Wanaume wengine wamehifadhi tikiti za kodi ya kichwa iliyositishwa mwaka 2005. Ya zamani kuliko zote inakuambia kwamba mwaka ule alishahesabiwa mtu mzima, basi. Na kitambulisho chenye tarehe 1 Januari kitie alama ya kuuliza: mara nyingi aliyeandika alikuwa na mwaka tu, pengine wa kukadiria.

Ukimaliza kijiji, tazama tarakimu za mwisho. Katika umri wa watu 100, kama 20 tu ndio wanatakiwa kuishia na 0 au 5. Ukiona 45 au 50 wameishia hapo, umri ulikisiwa, na asilimia zako za umri wa moyoni hazifai kupelekwa popote.

Mtafsiri_Arua

Mimi naingia kwenye lugha, maana ndiko wengi wanakoharibu.

"Unajisikia una miaka mingapi?" Mzee wa Kiswahili akisikia "unajisikia" anaelekea kwenye ugonjwa. Atakujibu, "Leo najisikia afadhali, ila goti." Luganda ina mtego uleule, maana *okuwulira* ni kusikia na kuhisi pia. Ukisema "unaonekana", unamtuma kwenye kioo na kwenye maneno ya watu. "Ungependa kuwa na miaka mingapi" nalo ni swali tofauti kabisa, hilo ni la matamanio.

Maneno yanayofanya kazi: "Mzee, tuweke kando miaka iliyoandikwa kwenye kitambulisho. Ndani ya moyo wako, siku nyingi unajiona mtu wa miaka mingapi?" Hayo "siku nyingi" yasiachwe. Umri wa moyoni hupanda na kushuka. Siku ya maumivu au ya msiba mtu huzeeka kwa siku moja. Ukiuliza asubuhi baada ya usiku bila usingizi, umepima usiku ule.

Asiyehesabu miaka mwulize kwa watu: "Katika kijiji hiki, nani ukimtazama unaona nguvu zenu na mawazo yenu ni sawa?" Akimtaja mtu, tafuta umri wa huyo mtu kwa kalenda ileile ya matukio, uandike. Ni kazi zaidi, lakini jibu lina miguu.

Wapo waliogawa swali hili katika manne: ninavyojihisi, ninavyoonekana, kazi ninazofanya, mambo ninayoyapenda. Njia hiyo ilitoka kwa Barak na Schiffman mwaka 1981. Kila moja mzee anachagua muongo: wa arobaini, hamsini, sitini. Wewe unachukua katikati ya muongo na kutafuta wastani. Akisema hamsini, sitini, hamsini, arobaini, unajumlisha 55 + 65 + 55 + 45, unagawa kwa 4, unapata 55. Faida yake ni kwamba unaona tofauti iko wapi. Mtu anaweza kujiona 45 kwa anayoyapenda na 75 kwa kazi anazoweza, na wastani ukaficha yote mawili. Mimi ningeandika zote nne na kuuacha wastani.

Mambo mawili ya mpangilio. Kwanza, uliza kabla ya vipimo vyovyote. Hughes na wenzake huko Marekani, mwaka 2013, waliwapa wazee mtihani mfupi wa kumbukumbu; dakika tano tu, na wazee wakajiona wakubwa kwa kama miaka mitano kuliko walivyosema mwanzo. Ukianza na "nitakutajia maneno, uyarudie", umeshamzeesha kabla ya swali.

Pili, usiulize mbele za watu. Barazani, mbele ya wazee wenzake, mwanamume huongeza miaka kwa sababu miaka ni heshima. Akibaki peke yake anapunguza. Mama akiwa mbele ya mkaza mwana anayemtegemea kwa kuchota maji, naye huongeza. Keti naye chini ya mti, mbali kidogo.

Kijana_Mbarara

Wakubwa, samahani. Kuna faida gani ya kujua? Mzee akijiona kijana si ni furaha yake tu?

Muuguzi_Mbale

Si furaha tu, mwanangu.

Uingereza walifuatilia watu 6,489, wastani wa umri miaka 65.8. Kwa wastani walijiona wana 56.8. Baada ya miezi 99 waliangalia nani amefariki. Waliojiona vijana kwa miaka 3 au zaidi: asilimia 14.3. Waliojiona sawa na umri wao: 18.5. Waliojiona wazee kwa zaidi ya mwaka mmoja: 24.6. Kazi hiyo ni ya Isla Rippon na Andrew Steptoe, ilichapishwa 2015. Hata walipoondoa athari ya magonjwa yaliyokuwapo, utajiri, uvutaji sigara na uwezo wa kutembea, waliojiona wazee walibaki na hatari iliyozidi kwa asilimia 41. Ilionekana kwenye vifo vya moyo na mishipa, haikuonekana kwenye saratani.

Haimaanishi kwamba kujiona kijana ni dawa. Mwili hujua mambo kabla ya daktari, na jibu la mzee linabeba habari za mwili wake. Kwa hiyo namba moja ya leo haina kazi kubwa kwangu. Kazi yangu inaanza namba ikiruka. Mzee aliyekuwa anasema 60 mwezi wa Machi, Juni anasema 80, na miaka yake ni 70. Familia husema "uzee umefika". Hapana! Uzee hauji kwa miezi mitatu. Kilichokuja ni kitu kingine, na mara nyingi kinatibika. Tazama kwa mpangilio huu:

Uzito. Ukipungua zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi 6 bila kukusudia, mpeleke kituo cha afya. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni kilo 3 tu, na gomesi au kanzu hazikuonyeshi. Pima kwa mizani.

Presha, mara mbili. Apumzike dakika 5 ameketi, pima. Kisha asimame, pima tena ndani ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, ndiyo sababu anashika ukuta akiamka. Hapo dawa zake za presha zinahitaji kutazamwa na daktari. Asiziache mwenyewe.

Damu. Hemoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita kwa mama, chini ya 13 kwa baba, ni upungufu. Usimpe tu vidonge vya kuongeza damu ukafunga faili. Uliza choo cheusi, dawa za maumivu anazonunua dukani kila siku, minyoo.

Sukari, hasa akikojoa usiku mara nyingi na kiu haimwachi.

Macho na masikio. Mtoto wa jicho humfanya mtu aache kutembelea wenzake, na asiyetembea hujiona mzee haraka. Masikio wakati mwingine ni nta tu. Usichokonoe kwa njiti ya kiberiti.

Dawa. Mwambie alete zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na za mafua na za usingizi. Piriton ya kila usiku humfanya mzee azubae na kusahau, na hakuna anayeishuku kwa sababu inauzwa kila duka la dawa.

Na huzuni. Uliza waziwazi: "Kwa wiki mbili hizi, mambo uliyoyapenda bado unayapenda?" Mjane wa miezi mitatu akisema ana miaka 100, mwache azungumze. Hiyo namba ni jina la msiba. Ila akiacha kula, au akisema heri asiwepo, siku hiyohiyo muone mhudumu wa afya.

Mwalimu_Moroto

Naomba kupinga jambo moja. Humu mnazungumza kana kwamba kila mtu angependa kujiona na miaka michache. Kwa Wakaramojong ukubwa wa mwanamume haukuhesabiwa kwa miaka. Unahesabiwa kwa *asapan*, kuingizwa katika kizazi. Mwana hawezi kuwa kizazi kimoja na baba yake, na kizazi cha wana husubiri mpaka cha baba kikabidhi mamlaka. Kusubiri huko huchukua makumi ya miaka. Kuna wanaume wenye mvi na wajukuu ambao kimila bado ni vijana kwa kuwa hawajaingizwa, na kuna aliyezaliwa mwisho kwa baba mzee, akawa "mkubwa" wa mtu anayemzidi miaka 20.

Mwulize mmoja wao "unajiona na umri gani?" Anaweza kukujibu "mimi bado kijana" kwa uchungu mkubwa, naye anazungumza habari ya cheo. Ukiandika −30 kwenye fomu na kusema ana matumaini, umeandika kinyume cha alichosema.

Wasabiny wa Kapchorwa nao wana marika yao, *pinta*. Huko ukijua jina la rika unapata pia makisio ya mwaka, basi liulize kwa faida zote mbili.

Mtafsiri_Arua

Umenirekebisha, mwalimu, nakubali. Basi dodoso liwe na mstari wa "amesema kwa maneno gani", yaandikwe vilevile kwa lugha yake. Hata Buganda mama aliyezaa akiwa na 18, na bintiye akazaa na 18, ni jajja akiwa na 36. Akisema "mimi jajja sasa" hazungumzii magoti.

Fizio_FortPortal

Swali la kijana wa Mbarara linanigusa kwa upande mwingine: umri wa moyoni unaweza kusogezwa? Kidogo, ndiyo. Yannick Stephan na wenzake, 2013, waliwapima wazee nguvu ya kukamata kwa mkono, kisha wakaliambia kundi moja kwamba wameshinda wengi wa rika lao. Kundi hilo likajiona vijana zaidi, na liliporudia kukamata, nguvu ilipanda. Kwa hiyo ukimpima mzee, mwambie ukweli kwa kuanzia na alichofanya vizuri. Kumtania "jajja umekwisha" ni kumpunguzia nguvu mkononi.

Kipimo cha kiti. Kiti kigumu cha kimo cha sentimita 43 hadi 45, kisicho na mikono, mgongo wake umeegemezwa ukutani. Kiti cha plastiki kwenye sakafu ya saruji huteleza na mzee huanguka, na kigoda kifupi kinaharibu hesabu. Mikono ivukane kifuani. Sekunde 30, hesabu mara alizosimama wima kabisa. Viwango vinavyotumika Marekani: umri 65 hadi 69, chini ya 12 kwa mwanamume na chini ya 11 kwa mwanamke ni dhaifu, 75 hadi 79, chini ya 11 na chini ya 10. Bibi aliyezoea kukaa mkekani na kuinuka mara 30 kwa siku huvipita bila shida, basi kwake angalia zaidi kama namba yake mwenyewe inashuka.

Kutembea. Pima mita 4 kwa kamba, weka alama kwa majivu, aanze mita 2 nyuma ya alama ya kwanza ili afike akiwa kwenye mwendo wake, na apite ya pili bila kusimama. Sekunde 5 kamili ni mita 0.8 kwa sekunde. Zaidi ya sekunde 5, ni mwendo wa polepole.

Mazoezi: kuketi na kuinuka mara 8, apumzike, mara 8 tena, siku tatu kwa wiki. Kuinua visigino ameshika nguzo, mara 10. Kusimama mguu mmoja sekunde 10 karibu na ukuta. Baada ya wiki tatu, abebe jerikeni la lita 5 lililojaa nusu, mita 20 kwenda na kurudi, akibadili mkono. Kosa ninaloliona kwenye vikundi ni kuanza na kukimbia. Goti linavimba siku ya pili, mzee harudi tena, na namba yake ya moyoni inapanda kuliko kabla hamjaja.

Chakula msisahau. Mtu wa kilo 55 anahitaji protini kama gramu 55 hadi 66 kwa siku. Matoke sahani nzima haifiki gramu 5. Kikombe cha maharage yaliyopikwa ni 15, yai 6, vikombe viwili vya maziwa 16, mukene (dagaa) mkavu gramu 20 ni kama 12, karanga kiganja 7. Jumla 56. Mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari kwanza.

Kijana_Mbarara

Nimeelewa, asanteni sana. Sasa kama umri niliopata kwa matukio haulingani na wa kitambulisho, niandike upi?

KaraniWaSensa_Jinja

Yote miwili, safu mbili tofauti, na ya tatu useme umeupataje: "kati ya kurudi kwa Kabaka na mvua za 1961". Hesabu ya asilimia uifanye kwa ule wa matukio. Ukipata mwanya wa miaka, mfano 64 hadi 67, fanya hesabu mara mbili kwa ncha zote, uandike majibu yote mawili.

Usimsahihishie mzee kitambulisho kwa kalamu yako wala kumwahidi kitu. Fedha za wazee za SAGE (mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee), zile shilingi 25,000 kwa mwezi, zilipoenezwa nchi nzima mlango uliwekwa miaka 80, na wanatazama tarehe iliyo NIRA (mamlaka ya usajili na vitambulisho). Mwenye 82 aliyeandikwa 71 anakosa haki yake. Huyo mpeleke kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na ofisi ya NIRA ya wilaya, akiwa na cheti cha ubatizo au karatasi yoyote ya zamani, aulizie kusahihishiwa tarehe. Na kwa sababu mlango uko 80, ukifika umevaa jaketi la mradi majibu ya umri yatavutwa kwenda huko. Mwambie mapema kwamba fomu yako haina pesa, urudie kabla ya kuuliza swali la moyoni, kisha ufunge daftari kidogo mzungumze habari za mvua.